Tairi la upepo la Dunlop na wenzake, 1888 hadi 1893: lipi lilistahili fedha ya mwendesha baiskeli?

Mpelekee fundi baiskeli yenye pancha leo. Ataipindua magurudumu juu, atachomeka chuma bapa ukingoni mwa tairi, atavuta upande mmoja nje ya ringi, na tyubu itakuwa mkononi mwake kabla hujapata pa kukaa. Pancha kama hiyo mwaka 1889, kwenye tairi la kwanza la upepo lililouzwa kwa waendesha baiskeli, ilikuwa kazi ya saa kama 3, kisha usiku mzima wa kusubiri gundi ikauke. Hapa tunayapima matairi ya upepo ya miaka ya mwanzo, kuanzia lile la John Boyd Dunlop la 1888 hadi yaliyokuwa sokoni kufikia 1893. Kipimo chetu kikuu ni pancha: likitoboka, unafanyaje? Maana ulaini na kasi vilikuwepo tangu siku ya kwanza. Kufunguka ndiko kulikochelewa, na mpaka tairi lilipofunguka ndipo mtu wa kawaida alipoweza kulitegemea.

Mpira mgumu, na kwa nini ulichosha

Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli ya Rover: magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, pedeli katikati, mnyororo kwenda nyuma. Ukiiweka kando ya baiskeli yoyote iliyoegemezwa ukutani sokoni leo utawaona ndugu. Ilikuwa salama kuliko zile za gurudumu refu mbele, ambazo mpanda wake alikaa juu kabisa na akianguka aliangukia kichwa. Ila gurudumu refu lilikuwa na jambo moja zuri: liliviringika juu ya mashimo madogo bila kuyasikia. Gurudumu dogo la Rover lilitumbukia katika kila shimo, na kila jiwe likapanda hadi viganjani na kiunoni.

Tairi la wakati huo lilikuwa kipande cha mpira mtupu, kama kamba nene, kilichogandishwa kwenye mfereji wa ringi. Halikutoboka wala halikudai pampu. Lakini gurudumu gumu likikutana na kokoto ya sentimita 1, lazima gurudumu lote lipande sentimita 1, na baiskeli na mtu wake wapande nalo, kisha wote wadondoke upande wa pili. Nguvu ya kuwapandisha imetoka miguuni mwa mpanda, na haimrudii. Zidisha hilo kwa kila kokoto ya safari ya kilomita 20 na utaelewa uchovu wa watu wale.

Tairi la upepo linaimeza kokoto. Sehemu ndogo ya mpira inabonyea, upepo ndani unasambaza msukumo, na jiwe likipita mpira unarudi ulivyokuwa na kurudisha sehemu kubwa ya nguvu iliyoubonyeza. Kitu kinachofanya kazi ni upepo wenyewe. Hesabu yake ni nyepesi: gurudumu la nyuma likibeba kilo 45, na presha ikiwa baa 3, yaani kama kilo 3 kwa kila sentimita ya mraba, sehemu ya tairi inayogusa barabara ni kama sentimita 15 za mraba, kwa sababu uzito ukigawanywa kwa presha unapata eneo. Punguza presha kwa nusu na eneo linakuwa mara mbili, kitambaa na mpira vinakunjika zaidi kila mzunguko, vinapata joto, na baiskeli inakuwa nzito. Kwa hiyo tairi la upepo lililolegea ni baya kuliko watu wanavyodhani, na lililojazwa sawasawa lina kasi kuliko watu wa 1889 walivyodhani. Wengi walioliona mara ya kwanza walilicheka. Lilivimba kama soseji, na wakaamini kitu kinene na laini hakiwezi kukimbia.

Thomson alitangulia miaka 43

Haki yake apewe. Robert William Thomson, Mskoti wa Stonehaven, aliandikisha hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya gurudumu la upepo Uingereza mwaka 1845. Lilikuwa bomba la turubai lililopakwa mpira, likavikwa ngozi kwa nje na kufungwa kwenye gurudumu la gari la farasi kwa boliti. Alilionyesha katika bustani ya Regent's Park, London, mwaka 1847, na seti moja ilisafiri maili 1,200, yaani karibu kilomita 1,900. Kwa bidhaa ya kwanza ya aina yake huo ni uimara wa kusifiwa.

Lilikosa mteja. Mpira ulikuwa ghali, namna ya kuupika kwa salfa ili usinyauke kwa joto wala kukakamaa kwa baridi ilikuwa imepatikana miaka michache tu nyuma yake, na aliyekuwa akipanda gari la farasi alikuwa na springi za chuma chini ya kiti. Farasi ndiye aliyefaidika, na farasi hanunui tairi. Baiskeli, ambayo injini yake ni miguu ya mnunuzi mwenyewe, ilikuwa haijazaliwa. Hataza ikalala kwenye makabati.

Tairi la Dunlop lilivyotengenezwa

Dunlop alizaliwa Dreghorn, Scotland, mwaka 1840, akawa daktari wa mifugo Belfast. Mwanawe Johnny alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, na mitaa ya mawe ya Belfast ilikuwa ikimtikisa. Mwanzoni mwa 1888 Dunlop alifanya jaribio ambalo fundi yeyote anaweza kulirudia uani kwake. Alichukua kisahani cha mviringo cha mbao, akatengeneza bomba la mpira mwembamba wa unene usiofika milimita 1, akalizungusha ukingoni, akalifunika kwa kitambaa cha kitani na kukipigilia vijisumari kwenye mbao. Akalijaza kwa pampu ya mpira wa miguu, akafunga mdomo wake kama mpira wa miguu ulivyofungwa siku hizo. Kisha akabiringisha gurudumu la mbele la baiskeli ya mtoto, lenye mpira mgumu, kuvuka ua. Liliishia njiani. Akabiringisha kisahani chake. Kilivuka ua wote, kikagonga lango upande wa pili na kurudi nyuma.

Tunalipenda jaribio hili kwa sababu linajibu swali linalopaswa kujibiwa. Hakuuliza kama tairi ni laini, maana hilo lingeonekana kwa kulibonyeza. Aliuliza nguvu inapotea kiasi gani, na akalipata jibu kwa mkono mmoja na ua mmoja.

Akaomba hataza Julai 1888, akaipata Desemba mwaka huo. Kazi ya kutengeneza baiskeli za kubeba tairi hilo ilianzia kwa Edlin, mtengenezaji wa Belfast. Na hapa ndipo mnunuzi alipokutana na gharama ya kwanza ambayo hakuitarajia: tairi lilikuwa nene mno kupita kwenye foku ya baiskeli ya kawaida. Hukuweza kununua tairi ukalivika kwenye baiskeli yako. Ilibidi fremu na foku vitengenezwe vipana tangu mwanzo, yaani ununue baiskeli nzima.

Lenyewe lilikuwa na tabaka tatu. Ndani kabisa tyubu ya mpira safi, laini, iliyoshika upepo. Juu yake mfuko wa turubai, kazi yake kuizuia tyubu isivimbe kupita kiasi, maana mpira mtupu ukijazwa utavimba kama puto na kupasuka. Nje ya turubai, ukanda wa mpira mnene zaidi wa kukanyaga barabara. Kulifunga kwenye ringi ndiko kulikokuwa tatizo: turubai liliachwa na ncha ndefu pande zote mbili, ncha hizo zikapitishwa kati ya spoku, zikazungushwa ringi hadi upande wa ndani, zikabandikwa kwa solusheni, yaani mpira ulioyeyushwa. Hakukuwa na waya wala ukingo wa kunasa. Tairi na ringi vilikuwa kitu kimoja kilichofungwa kama kidonda kinavyofungwa bandeji.

Fikiria sasa mwiba au msumari umeingia. Unatoa gurudumu kwenye baiskeli. Unalowesha gundi kwa kiyeyusho ili ilegee, unabandua ukanda wa nje polepole, maana ukivuta kwa pupa unachana nyuzi za turubai na hapo huna tena tairi. Unabandua ncha za turubai kutoka kwenye ringi, spoku moja baada ya nyingine. Unaipata tyubu, unatafuta tundu, unaziba. Kisha kazi yote kinyume: kusafisha gundi ya zamani, kupaka mpya, kusubiri ishike, kuzungusha turubai likiwa limekaza sawa pande zote. Ukilikaza zaidi upande mmoja, gurudumu litayumba na tairi litasugua foku. Mwisho unabandika ukanda wa nje na kuacha usiku kucha. Ukijaza upepo kabla gundi haijashika, upepo utaisukuma tyubu itokeze pale palipo dhaifu, na umerudi mwanzo.

Kwa mbio, tairi hilo halikuwa na mpinzani. Tarehe 18 Mei 1889, kwenye michezo ya Queen's College, Belfast, Willie Hume wa chama cha baiskeli cha Belfast Cruisers alilipanda na kushinda mashindano yote manne aliyoingia. Baada ya hapo, mshindani mwenye mpira mgumu alijua ameshindwa kabla ya kuanza. Miongoni mwa walioshindwa na tairi hili walikuwa wana wa Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin, naye baba yao alifanya lililo la busara: akaweka fedha. Kampuni ikaanzishwa Dublin mwishoni mwa 1889.

Hukumu yetu kwa Dunlop ya 1889: kwa mwanamichezo mwenye fundi pembeni na gurudumu la akiba, nunua bila kusita. Kwa mtu anayekwenda kilomita 30 kutoka kwao peke yake, hapana. Tairi gumu litamtikisa lakini litamrudisha nyumbani.

Lawama nyingine ndogo. Uso wake ulikuwa laini bila mifereji, na kwenye barabara yenye tope jembamba au mawe yaliyolowa gurudumu liliteleza kando ghafla. Waliozoea mpira mgumu walilalamikia sana jambo hili, na walikuwa na haki. Mifereji kwenye uso wa tairi ilikuja baadaye kujibu malalamiko hayo.

Kimbilio la katikati: tairi la mto

Kwa walioogopa pancha, viwanda viliuza tairi lililoitwa la mto, kama mto wa kulalia: tairi nene la mpira lenye tundu dogo katikati, bila upepo wa kujazwa. Lilipunguza mtikisiko kidogo. Lakini mpira ndio uliokuwa ukibonyea, siyo upepo, na mpira mnene unakula nguvu kwa kukunjika. Ukalipia uzito, usipate kasi. Halikustahili fedha hata mwaka lilipotoka, na baada ya miaka michache lilitoweka kwenye baiskeli. Wanaouza leo matairi ya povu yasiyotoboka wanauza bidhaa ya ukoo huohuo, na udhaifu wake ni uleule.

Michelin, 1891: tairi linalofunguka

Mwaka 1889 mwendesha baiskeli mmoja aliwafikia ndugu Michelin kwenye kiwanda chao cha mpira Clermont-Ferrand, Ufaransa, akiwa na tairi la Dunlop lenye pancha. Matengenezo yalichukua saa kama 3 na usiku wa kukausha gundi. Asubuhi Édouard Michelin akaipanda baiskeli hiyo kuijaribu, na baada ya mita mia kadhaa tairi likaisha upepo. Aliondoka hapo na mambo mawili kichwani: tairi hili ni zuri ajabu, na haliwezi kuuzwa kwa watu mpaka liweze kutolewa.

Tairi lake la 1891 halikutumia gundi kushikamana na ringi. Lilibanwa kwa vyuma na skrubu. Unafungua skrubu, unatoa tairi, unatoa tyubu, unaziba, unarudisha, unafunga. Robo saa kwa mtu aliyezoea. Ni kazi yenye skrubu nyingi, na ukipoteza moja barabarani usiku una shida, lakini ni kazi ya kufanyika ukiwa umechuchumaa kando ya njia na bisibisi moja.

Septemba mwaka huo lilipata mtihani halisi: mbio za baiskeli za Paris hadi Brest na kurudi, karibu kilomita 1,200. Charles Terront alikuwa na matairi ya Michelin, mpinzani wake mkubwa Jiel-Laval alikuwa na ya Dunlop. Terront alimaliza kwa saa 71 na dakika kadhaa, bila kulala, akiwa mbele kwa saa nyingi. Tusiseme tairi peke yake lilishinda. Miguu ya Terront ilikuwa miguu ya Terront, na aliamua kutolala wakati mwenzake amepumzika. Ila pancha alizipata, na alizitengeneza akaendelea, na kwa umbali huo ndilo jambo la kupimwa.

Mwaka uliofuata kampuni iliandaa mbio kutoka Paris hadi Clermont-Ferrand na kumwaga misumari barabarani makusudi, ili kila mtu aone kuziba pancha kwa tairi lao ni jambo dogo. Ni ukatili kwa washindani. Kama onyesho la bidhaa, hata hivyo, lilikuwa la kweli kuliko tangazo lolote, kwa sababu walionyesha tairi likiwa limeharibika.

Welch na Bartlett, 1890: majibu mawili kwa swali moja

Wakati huohuo Waingereza walikuwa na majibu yao. Hataza ya Dunlop ilikwisha kuonekana haina nguvu mwaka 1890, kwa sababu ya Thomson, hivyo kampuni ya Dublin ilihitaji kitu kingine cha kujikinga nacho. Ikanunua haki za wavumbuzi wawili, za Charles Kingston Welch na za William Erskine Bartlett.

Bartlett alitengeneza kingo za tairi ziwe nene, zenye mdomo, na kingo za ringi zijikunje kwa ndani. Ukijaza upepo, mdomo wa tairi unasukumwa chini ya mkunjo wa ringi na kunasa. Hakuna waya wala skrubu. Kulitoa ni rahisi: toa upepo, sukuma ndani, vuta. Tatizo lake ni kwamba upepo ndio kufuli. Presha ikishuka, ukapiga kona kwa kasi, tairi linaweza kuchomoka kwenye ringi lote kwa pamoja, na mpanda anafuata. Pia mdomo wa mpira ukizeeka na kupasuka haushiki tena, hata kama uso wa tairi bado ni mzima.

Welch alifikiri kwa namna nyingine, na tunaona yeye ndiye aliyemaliza kazi. Aliweka waya ndani ya kila ukingo wa tairi, duara la chuma lisilonyumbuka, dogo kuliko kipenyo cha nje cha ringi. Kwa hiyo tairi likiwa mahali pake haliwezi kutoka, hata upepo ukipungua halikimbii haraka. Sasa, duara lisilonyumbuka na dogo kuliko ringi linaingiaje? Alichimba bonde katikati ya ringi. Ukingo wa tairi ukisukumwa uanguke ndani ya bonde upande mmoja, unapata nafasi ya ziada upande wa pili, ndogo lakini inayotosha kuuvusha ukingo wa ringi. Ukijaza upepo, tyubu inakalia bonde na kuzisukuma kingo zote mbili zipande kwenye mabega ya ringi, na njia ya kutokea inajifunga.

Ukitaka kuuona ujanja huu, tazama ringi ya baiskeli nyeusi ya mizigo, ile ya inchi 28 kwa 1½ inayobeba mkaa, madumu ya maji na mikungu ya ndizi kuanzia Busia hadi Shinyanga. Bonde la katikati limo humo, na kingo za tairi zina waya. Breki zimebadilika na chuma kimebadilika, ila wazo la Welch limebaki.

Na kwa kuwa ni lilelile, makosa ni yaleyale. Anayelitoa tairi la waya kwa nguvu, huku akipinda vyuma viwili hadi tyubu ikabanwa, hajalitumia bonde. Toa upepo wote. Zunguka gurudumu lote ukikamua kingo kwa vidole ziangukie katikati. Upande ulio mbali na valvu usukume uingie bondeni kabisa, kisha anza kunyanyua karibu na valvu. Kwenye valvu yenyewe ukingo hauwezi kushuka kwa sababu shina la valvu limekaa hapo. Kurudisha ni kinyume: anzia mbali na valvu, malizia kwenye valvu, kwa mikono mitupu kama inawezekana. Kisha sukuma valvu juu mara moja kabla ya kujaza, ili tyubu isibaki imekaliwa na ukingo. Isipofanywa hivyo, tyubu itapasuka kando ya valvu ndani ya siku chache, na lawama itapewa tyubu.

Valvu

Kwenye valvu za awali kuingiza upepo kuliwezekana, kuutoa au kubadilisha kilichoharibika ndani kulikuwa taabu. Valvu ya Woods, ya mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilimaliza hilo. Ni shina la chuma, na ndani yake kipande kidogo chenye tundu ubavuni. Tundu hilo limevikwa kimrija cha mpira mwembamba. Ukipampu, upepo unakinyanyua kimrija na kupita. Ukiacha, presha ya ndani inakibana juu ya tundu. Ukitaka kutoa upepo, fungua nati, vuta kipande, basi.

Kimrija hicho ni cha bei ndogo na ndicho kinachokufa kwanza. Kikizeeka kinagandana na chuma, pampu inakuwa ngumu isivyo kawaida; kikipasuka, tairi linalala usiku na asubuhi unatafuta pancha isiyokuwepo. Kabla ya kuitoa tyubu, paka mate au maji ya sabuni kwenye mdomo wa valvu uangalie mapovu. Valvu hii pia haikuruhusu kupima presha sawasawa, kwa sababu kimrija kinachukua sehemu ya nguvu ya pampu. Kwa mwendesha mbio hilo ni kasoro. Kwa mwenye mzigo wa mkaa, kidole gumba kinatosha kupima. Schrader wa New York na Mfaransa Sclaverand walileta aina zao karibu na wakati huo, na zote tatu bado zinauzwa.

Kitambaa: kasoro iliyojificha

Matairi yote ya upepo tuliyoyataja yalitumia kitambaa kilichofumwa, nyuzi zikipita juu na chini ya nyingine. Kila tairi linapobonyea nyuzi zinasuguana kwenye makutano, kama misumeno midogo. Baada ya safari nyingi kitambaa kinakatika kutoka ndani bila mwiba wowote, na tyubu inatokeza kama uvimbe. John F. Palmer, Mmarekani, alileta dawa mapema katika miaka ya 1890: nyuzi zisifumwe, zilazwe sambamba tabaka moja mshazari kulia, tabaka jingine mshazari kushoto, mpira ukiwa katikati yake. Tairi la namna hiyo linakunjika kwa urahisi na lina kasi ya wazi. Lilikuwa ghali, na kulitengeneza kulihitaji mkono wenye ujuzi. Tungelipendekeza kwa mwanamichezo wa 1893, na kwa mwingine yeyote tungesema asubiri bei ishuke. Namna hiyo ya kulaza nyuzi ndiyo iliyomo kwenye matairi mengi ya baiskeli leo.

Mpira ulikotoka

Hatuwezi kupima bidhaa hii bila kutaja malighafi yake. Sehemu kubwa ya mpira wa miaka ya 1890 ilitoka misitu ya Amazon. Sehemu nyingine ilitoka Kongo, iliyokuwa milki binafsi ya Leopold II wa Ubelgiji. Maagizo yake ya 1891 na 1892 yaliyafanya mazao ya misitu, mpira na pembe, kuwa mali ya dola. Vijiji vililazimishwa kuleta utomvu wa mitoria, mimea ya porini inayotambaa, kwa kiwango kilichopangwa. Wake na watoto walishikwa mateka hadi mpira uletwe, watu waliuawa, mikono ilikatwa. Soko la tairi la baiskeli, kabla ya motokaa, ndilo lililoanza kuupandisha thamani mpira huo. Mnunuzi wa Paris au Birmingham hakuliona hilo dukani. Sisi tunalijua, na halipaswi kuachwa nje ya hesabu ya gharama.

Fedha, kwa upande mwingine, ilikwenda kwa wengine. Dunlop alijiondoa mapema, na mwaka 1896 kampuni iliuzwa kwa mfanyabiashara Ernest Terah Hooley kwa pauni milioni 3, naye akaiuza upya kwa umma kwa pauni milioni 5. Tairi mojawapo la mwanzo la Dunlop limehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya Scotland, Edinburgh.

Mnunuzi wa 1893 angechukua lipi?

Kwa barabara za mawe na safari za kila siku: tairi la waya la Welch, ringi yenye bonde, valvu ya Woods. Kwa Ufaransa, ambako vipuri vya Michelin vilipatikana kirahisi, Michelin bila wasiwasi, hasa aina zilizofuata ile ya 1891 ambazo zilipunguza skrubu na muda. La Bartlett kwa mpanda mwangalifu anayekagua upepo kila asubuhi. La kubandika kwa gundi, lile la Dunlop la mwanzo, liachwe kwa uwanja wa mbio.

Na chochote atakachochukua, mfukoni awe na msasa, kopo la solusheni, viraka vitatu na kimrija cha valvu cha akiba. Akipata pancha, asugue tyubu kwa msasa hadi mng'ao uishe, eneo kubwa kidogo kuliko kiraka. Apake solusheni nyembamba, asubiri dakika kama 5 mpaka isinate kidoleni. Viraka vingi vinabanduka kwa sababu vimebandikwa gundi ikiwa bado mbichi. Abandike, abonyeze kutoka katikati kwenda nje. Halafu, kabla ya kurudisha tyubu, apitishe vidole taratibu ndani ya tairi lote, mzunguko mzima, autafute mwiba uliotoboa. Mara nyingi bado umo.